Mwalimu Wangu, Mwanafunzi Wangu

Niliolewa mwaka 1978 nikiwa na miaka 17. Bwana wangu alikuwa na miaka 24, mvuvi wa madema. Leo tuna watoto sita, na wajukuu ambao kila tukiwahesabu tunasahau mmoja. Jioni tunakaa barazani, mimi nasuka ukili, yeye anashona nyavu za wengine, maana mwenyewe haendi tena baharini. Wasichana wanaopita hutuuliza: "Bibi, mmewezaje miaka yote hii?" Sisi hucheka tu. Safari hii nimeona niandike jibu, kwa kuwa jibu lenyewe lina aibu yangu ndani yake, na aibu ikifichwa haimfundishi mtu.

Gazeti hili huniletea mwalimu mmoja wa kutoka bara aliyewahi kufundisha huku kwetu. Dini yangu na ya wengi wenu si moja. Lakini nikisoma barua zenu naona kwamba chungu kinaungua vilevile katika kila nyumba, na anayekisugua ni yuleyule.

Sisi ni watu wa Kiuyu, kaskazini-mashariki ya kisiwa cha Pemba. Wageni wakisikia Pemba hufikiri karafuu. Karafuu ziko zaidi upande wa magharibi, kwenye vilima na udongo mzuri. Kwetu ni mawe. Unapanda muhogo na mtama kwenye mifuko ya udongo kati ya jiwe na jiwe, na kinachobaki unakitafuta baharini. Msimu wa karafuu ukifika, watu wetu wengi huenda kuwachumia wengine.

Bwana wangu alikuwa kiongozi tangu ujana. Wavuvi walimchagua katika kamati yao, na watu wakigombana juu ya mtego au chombo walikuja kwake. Alikuwa hapendelei ndugu, na alisikiliza mpaka mtu amalize. Chuoni alikuwa amehitimu msahafu, na hesabu zake zote aliziandika katika daftari kwa herufi za Kiarabu, kama babu zetu walivyoandika Kiswahili kwa karne nyingi. Lakini skuli hakwenda. Herufi zile za serikali, zinazoandikwa kutoka kushoto kwenda kulia, hakuzijua. Basi mtu aliyeandika kila siku ya maisha yake, mbele ya karatasi ya ofisi alihesabiwa kuwa hajui kusoma. Jambo hilo lilimuuma, ingawa hakulisema.

Mimi nilitolewa chuoni mapema mama alipougua, na skuli sikuiona. Darasa la kisomo lilipofunguliwa kijijini nikaomba ruhusa niende. Akaniuliza, "Utasoma nini wewe na watoto wanne?" Nikamjibu, "Nitasoma risiti ya dawa zao." Akanyamaza, nikaenda. Sikwenda kwa furaha yake, na sikumsamehe kwa swali lile. Nikajua kusoma, lakini nyumbani sikumsomea kitu wala hakuniomba.

Kisha ukaja mwani. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kule Paje na Jambiani, Unguja, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Baada ya muda kikafika Pemba. Wanaume waliujaribu, wengi wakauacha, wakasema ni kazi ya kuinama mno kwa pesa kidogo. Sisi wanawake tukaushika. Maji ya bamvua yakipwa tunashuka, tunapiga vigingi, tunafunga kamba zenye vipande vya mwani, na baada ya kama siku 45 tunavuna na kuanika. Unakwenda ng'ambo kutengenezewa kitu cha kugandisha kinachotiwa katika dawa ya meno na aiskrimu.

Akina mama wenzangu, asiyewahi kuomba pesa ya chumvi hajui nilichohisi niliposhika pesa ya kwanza iliyotoka katika mgongo wangu mwenyewe. Nilimnunulia binti yangu sare ya skuli na viatu. Bwana wangu alivitazama vile viatu kwa muda mrefu, asiseme neno.

Sasa nifike kwenye aibu. Akaja mnunuzi, akasema atatupa kamba na vigingi bure. Alitaka tu kiongozi wa kijiji atie saini karatasi kwa niaba yetu. Watu wakamwendea bwana wangu kama kawaida, naye akatia saini yake nzuri ya herufi za Kiarabu. Baadaye akaja mnunuzi wa pili mwenye bei bora. Yule wa kwanza akasema haiwezekani, mmekubali kuniuzia mimi peke yangu, kwa bei yangu, mpaka deni la kamba liishe. Kumbe si bure. Kelele zikawa nyingi, mkutano ukaitwa.

Mkutanoni nilisimama, nikaomba ile karatasi, nikaisoma mbele ya wanaume na wanawake, neno kwa neno. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusoma hadharani, na sauti haikutetemeka. Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya wema. Lakini nikaongeza: "Kiongozi wetu ametutilia saini kitu asichokijua."

Bwana wangu aliinuka, akavaa kofia yake, akaondoka. Siku kumi na moja hatukusemezana ila "chakula tayari" na "mlango umefungwa?" Kisimani wanawake wenzangu walinisifu, wakasema nimewaokoa. Nami nilirudi nyumbani na ndoo kichwani nikijua jambo ambalo wao hawakulijua. Karatasi ile ililala chini ya mto wetu siku mbili kabla hajaitia saini. Niliiona. Sikuisoma, kwa sababu sikuulizwa.

Ningeweza kusema, "Bwana, hebu nione." Maneno matatu tu. Lakini nilitaka aniombe. Nilikuwa bado nimebeba lile swali lake la "utasoma nini wewe," na nilingoja siku ya kumlipa. Siku ikaja, nikamlipa mbele ya kijiji kizima, na gharama wakaibeba wanawake wenzangu.

Usiku wa kumi na mbili, watoto wamelala, alikuja na kibatari na daftari lake, akaviweka mbele yangu. Akasema, "Nionyeshe jina langu." Nami nikamwambia habari ya ile karatasi chini ya mto. Alikaa kimya, kisha akasema, "Na mimi nilijua kwamba unajua kusoma. Nililala juu yake siku mbili, nikaona afadhali nikosee kuliko nikuombe." Tulilia wote wawili, tukaufunga mlango watoto wasisikie.

Tulianza usiku uleule. Mkono wake ulikuwa unakimbilia kulia kila mara, kwa mazoea, na jina lake la kwanza aliliandika kinyumenyume. Tukacheka, na kicheko kile kilitutibu kuliko maneno. Hakuwa mwanafunzi mpole. Aligombana na herufi kama anayegombana na papa wavuni. Lakini kabla ya mwaka kwisha alisoma barua nzima bila msaada.

Jambo ambalo mpaka leo namheshimu nalo alilifanya mkutano uliofuata. Hakuna aliyemlazimisha. Alisimama akasema, "Nilitia saini nisichokisoma. Kosa ni langu. Sasa najifunza, na mwalimu wangu yuko nyumbani kwangu." Wazee wengine walitazama chini. Mimi nilidhani heshima yake imekwisha siku ile. Kinyume chake, watu walizidi kumwendea, kwa kuwa walijua sasa kwamba akikosea atasema. Deni la kamba tulilimaliza, tukawa huru kuuza tunakotaka, na wanawake wakanichagua mimi niongoze kikundi chao.

Zamu yangu ya kuwa mwanafunzi ilikuja baadaye. Katika mwani iko aina iitwayo kotonii, yenye bei nzuri kuliko spinosamu, lakini haipendi maji ya moto. Miaka ilivyokwenda maji ya ufukoni yakazidi joto, kotonii ikawa inaugua na kukatika. Ikabidi kwenda kwenye maji marefu. Wengi wetu, watoto wa bahari sisi, hatukujua kuogelea. Siku moja maji yalinifika shingoni, mkondo ukanivuta, na mwenzangu akanishika kwa kanga. Nyumbani nikasema kikundi nakiacha.

Bwana wangu akanijibu, "Kesho alfajiri, maji yakiwa yamejaa, twende." Akanifundisha kuelea kwenye hori, giza giza, nimevaa nguo zangu zote. Nilimpiga mateke, nikalia, nikamwambia ananiua. Kila mara aliniambia neno moja: "Usipigane nayo." Watu walipojua walimcheka, mwanamke mtu mzima kufundishwa kuogelea! Yeye akawauliza, "Mnataka awaongoze wenzake mahali ambapo hawezi kurudi?" Hakuna aliyejibu. Baada yangu wakaja wengine wanne.

Hivi karibuni nilimuuliza, katika yote hayo nani alikuwa anaongoza nyumba? Alifikiri, akasema, "Yule aliyekuwa anajua, kwa jambo lile. Mwingine alikuwa anashika taa." Nimeishi naye miaka mingi, na sijui jibu bora kuliko hilo.

Dada zangu mlioolewa juzi, sina mengi ya kuwashauri. Kama unajua kitu ambacho mumeo hakijui, usikingoje kiwe fimbo. Kiweke mezani mapema, wakati mko wawili tu. Na akina baba mnaosoma ukurasa huu kwa kuibia, kumuuliza mkeo hakukupunguzii kimo. Kosa la mkutanoni mara nyingi limelala chini ya mto wenu tangu juzi.

Umeme wa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Pemba mwaka 2010, na kibatari chetu sasa ni cha wajukuu kuchezea. Lakini darasa halijafungwa. Lile daftari lake la zamani lipo, na ndani yake, kwa herufi za Kiarabu, ameandika siku aliyozaliwa kila mtoto wetu, saa, na maji yalikuwa yanajaa au yanapwa. Miaka yote hii sikuweza kuyasoma. Sasa ananifundisha. Macho yake yamechoka, na yangu yameanza kuchoka, basi tunakwenda polepole. Tumefika mtoto wa tatu.