Kasa wa Magurudumu Sita

Mwaka 2009 nilinunua beseni la njano lenye magurudumu sita kwa dola 150 za Kanada. Mzee mwenye nalo alinisaidia kulipakia kwenye tela kwa furaha ambayo ilipaswa kunishtua. Lilikuwa limelala nyuma ya banda la ng'ombe, nje kidogo ya mji wa Kitchener, Ontario, ninakoishi. Lilijaa maji ya mvua na majani yaliyooza, na mti mdogo ulikuwa umeota katikati ya gurudumu la pili na la tatu. Tukaukata kwa msumeno. Mzee aliniambia kwamba ujanani alikuwa akilipanda kuvukia bwawa lake, halishuki kwenda kuogelea ila linaendelea tu, kama vile barabara imefika majini. Sikumwamini, ila hela nilitoa.

Nyumbani mke wangu alilizunguka mara moja, akaniuliza, "Baba, hili la kufugia bata?"

Ni gari liitwalo Amphicat. Kabla ya pikipiki za magurudumu manne ambazo leo ziko kila shamba, huku Amerika ya Kaskazini palikuwa na wimbi la vigari vya namna hii, vya magurudumu sita, vya kwenda nchi kavu na majini. Mapema miaka ya 1960 Kanada ilitoa kimoja kiitwacho Jiger. Baadaye vikaja Attex kutoka Ravenna, Ohio, na Max kutoka Buffalo, New York. Amphicat ndiyo watu wa rika fulani wanayoikumbuka hata kama hawajui jina lake, kwa sababu mwaka 1968 ilionekana kwenye kipindi cha watoto cha The Banana Splits, na miaka ya 1970 ikapelekwa mpaka mwezini katika Space: 1999. Kisha mwaka 1970 Honda wakaleta ya magurudumu matatu, 1982 Suzuki wakaleta ya manne, na watu wakahamia huko. Wengi wa wale wa kwanza walifunga. Argo, ambayo huundwa New Hamburg, mwendo mfupi tu kwa gari kutoka kwangu, imeshikilia tangu 1967 hadi leo, na kila nikipita pale huwa napunguza mwendo bila sababu.

Mimi ni fundi wa mitambo kiwandani, kwa hiyo niliingia kazini kwa kiburi cha fundi. Nikasema miezi sita. Nilitaka litoke kama lilivyotoka kiwandani, siku ya kwanza. Nikapiga msasa bodi nzima mpaka likang'aa, na katika kung'arisha huko nikafuta karatasi ya jina iliyokuwa imebandikwa puani, imepauka lakini ingali inasomeka. Nilijisifu. Nilikuja kuitafuta nyingine kwa miaka minne, na mpaka leo pua ile iko tupu. Nikikutana na kijana anayeanza kazi hizi, kabla sijamwonyesha spana humwambia aache msasa kabatini.

Injini ilikuwa imeganda. Ni ya stroku mbili, silinda moja, imeandikwa JLO, na iliundwa Pinneberg, Ujerumani. Jina hasa la kampuni ni ILO, neno la Kiesperanto lenye maana ya kifaa au zana. Herufi ya kwanza ilichorwa kwa madaha, watu wa huku wakaisoma J, basi ikabaki hivyo. Ndani ya kifuniko cha feni panya walikuwa wamejenga kiota cha sufi ya kiti, wakakishindilia hadi hakina hata pa kupitisha kidole. Nilikitoa vipande vipande kwa koleo. Kisha nikamimina dizeli kwenye tundu la plagi, nikaacha. Kila jioni nikirudi kazini nilishuka karakana, nikashika gurudumu la injini kwa mikono miwili na kulisukuma. Siku kumi hakuna kitu. Ya kumi na moja likasogea upana wa ukucha, likatoa sauti ya mlango wa zamani. Nikaenda kumwamsha mke wangu kumwambia. Aliniuliza kama nyumba inaungua.

Majira ya baridi karakana yangu haiingiliki, kwa hiyo kabureta ilihamia meza ya jikoni, na cheni, zile za ndani zinazozungusha magurudumu ya kila upande, zikalala kwenye sinia la kuokea, ndani ya mafuta. Hapo ndipo nilipoelewa utaratibu wa kidude hiki. Hakina usukani. Kina fimbo mbili. Ukivuta ya kushoto, magurudumu matatu ya kushoto yanashikwa breki na ya kulia yanaendelea, basi linajigeuza papo hapo. Halina springi pia. Springi zake ni matairi yenyewe, manene kama mito, upepo wake paundi mbili tu ilhali gari la kawaida hutaka thelathini na kitu. Na majini halina pangaboi. Yale meno ya matairi ndiyo makasia.

Tatizo lilikuwa bodi. Nusu ya chini ilikuwa na ufa wa urefu wa mkono, pale ule mti ulipokuwa ukisukuma, na gundi nilizonunua zilibanduka zote. Mwaka 2013 mwenzangu mmoja kazini akanipa siri: plastiki ile ni ABS, na vitofali vya LEGO ni ABS vilevile. Viloweke kwenye asetoni, vitalainika viwe uji, upake, asetoni iruke, ubaki mgumu na kushikana na bodi kama nyama na nyama.

Mwanangu alikuwa na miaka saba. Nilipiga naye bei ya vitofali vyake kama sokoni. Nilitaka vya njano tu, rangi ifanane. Akanihesabia 140, akaandika kwenye daftari lake, akanitaka niweke sahihi. Nilivitia kwenye chupa ya kioo, nikamimina asetoni, tukakaa nje ya karakana tukiviangalia kupitia mlangoni. Kwanza vilipoteza kona. Halafu zile chunusi za juu zikazama. Kufika asubuhi palikuwa na kitu kama uji mzito wa mahindi, nami nikaupaka kwenye ufa kwa kisu cha siagi, tabaka kwa tabaka, siku nne.

Nikiwa napaka ndipo nilipojikuta nakumbuka Nungwi. Mimi ni mtoto wa Nungwi, Zanzibar, na ami yangu alikuwa fundi wa majahazi. Nilikua nikimwona ameketi chini ya ubavu wa chombo, ana pamba iliyolowa mafuta, anaichomeka katikati ya mbao mbili kwa patasi na nyundo, polepole, akiimba puani. Kukalafati. Niliwahi kuambiwa nishike kazi ile nikakimbia, nikasema nataka mashine. Sasa niko huku na mashine yangu, nakalafati.

Nikampigia simu.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Wasema unaunda chombo huko?"

Nikamweleza. Akasikiliza sana.

"Lina mkuku?"

"Halina."

"Lina usukani?"

"Halina, ami. Lina fimbo."

"Mwanangu, hilo si chombo. Hilo beseni."

Basi mke wangu na ami yangu, ambao hawakuwahi kuonana, wakawa wamekubaliana.

Tulilishua Julai 2014, kwenye bwawa la yule yule mzee aliyeniuzia. Alikuja na kiti chake. Injini iliwaka kwa mvuto wa tatu, moshi ukajaa, tukashuka ukingoni, magurudumu yakaacha ardhi, na kwa muda wa kama dakika mbili nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Ontario. Kisha miguu ikalowa. Nilikuwa nimesahau kurudisha kizibo cha tundu la kutolea maji, kilichokuwa mfukoni mwangu. Tuliburutwa kwa trekta. Mzee alicheka hadi akainuka kitini.

Mara ya pili kizibo kilikuwepo, lakini maji yaliingia kwenye ekseli. Zinatoka sita, na kila moja ina sili yake. Nikabadilisha zote, nikatia grisi. Yakaingia kidogo. Nikazifungua tena, nikabadilisha na beringi. Yakaingia kidogo zaidi ya mwanzo. Miaka miwili ilikwenda hivyo, na nikiri kwamba mwaka 2016 nililifunika turubai nikaandika tangazo la kuliuza. Nilimwambia ami kwa simu kwamba nimeshindwa, chombo changu kinavuja.

Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, kwa mshangao wa kweli, "Kwani wewe umeona wapi chombo kisichovuja?"

Akanieleza jambo ambalo nilipaswa kulijua. Jahazi jipya likishuliwa huvuja siku za mwanzo mpaka mbao zinywe maji zivimbe, zibanane. Hata likishabanana, baharini mtu wa kufua maji yupo, na upo wake wa kuchotea uko pale pale, haufichwi kama aibu. Nikamwambia plastiki hainywi. Akasema, "Basi wewe utafua daima. Nunua upo mzuri."

Tangazo sikulituma. Niliacha sili kama zilivyo, nikafunga pampu ndogo ya umeme chini ya kiti. Nikaacha pia mambo mengine niliyokuwa nikiyakimbiza: mkwaruzo wa ubavuni, kiti ambacho rangi yake si ile, kovu la ufa ambalo ni njano ya LEGO na si njano ya Amphicat, na jua linazidi kulionyesha kila mwaka. Tukalipa jina, Kasa, kwa sababu majini anakwenda vizuri na nchi kavu anajikongoja, japo kwa haki ni kinyume: nchi kavu anapanda mpaka magogo, ni majini ndiko anakokwenda mwendo wa mtu anayetoka msibani. Ukitia mafuta mengi anapiga kelele zaidi, haongezi mwendo.

Ami amezeeka, macho hayaoni vizuri, lakini nilimtumia video na wajukuu wakamsimulia. Alitaka kujua kitu kimoja, nani anafua. Ni mwanangu, maana pampu ilikufa msimu wake wa pili na hatukununua nyingine. Hukaa nyuma na dumu la maji ya kuoshea vioo vya gari, tulilolikata kwa mshazari likawa upo, na kila tukivuka bwawa huchota na kumwaga bila hata kutazama, anazungumza habari za shule. Sasa ananizidi kimo. Vile vitofali nimemlipa 90. Hamsini bado, na daftari analo.