Kompyuta Ndani ya Kompyuta

Wazazi, huenda mmesikia watoto wenu wakirudi likizo na kusema kwamba shule ina kompyuta ambayo ndani yake mna kompyuta nyingine. Si mzaha. Hiyo ya ndani yaitwa mashine pepe. Haina chuma wala waya. Ni programu tu inayojifanya kompyuta nzima, nayo huazima diski, kumbukumbu na kioo kwa ile ya nje. Wazo lenyewe si geni, maana kampuni ya IBM huko Marekani ilikuwa ikifanya hivyo tangu miaka ya 1960. Sisi twatumia programu iitwayo VirtualBox, ambayo ilitoka kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 2007. Mafundi huiita kompyuta ya nje mwenyeji na ya ndani mgeni, nami nitayafuata majina hayo.

Mgeni wetu huendeshwa na mfumo wa Ubuntu. Jina hilo latoka katika lugha za kusini mwa Afrika, nalo ni ndugu wa neno letu utu. Mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, ni mtu wa Afrika Kusini. Toleo tulilokuwa nalo ni 20.04, yaani la mwezi wa Aprili 2020, na matunzo yake ya kawaida yalikwisha Mei 2025. Toleo lisilotunzwa halipati tena marekebisho ya usalama, kwa hiyo ilitubidi tupande hadi 22.04. Kuruka moja kwa moja mpaka 24.04 hakuruhusiwi. Ngazi hii, kama ile ya shule, hupandwa kidato kwa kidato.

Sasa ndani ya mgeni huyo ndimo inamokaa orodha ya maktaba: kila kitabu, mtu aliyekiazima na siku ya kukirudisha. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne hapewi hati ya kuondoka mpaka orodha ionyeshe kwamba hana deni. Basi mtaona kwa nini jambo hili lilitugusa sisi kuliko wengine.

Wenzetu wawili wa Kidato cha Tatu waliianza kazi hiyo Jumamosi moja, nami nilikuwa safarini na timu ya mpira. Mchana kutwa walishusha vifurushi kutoka intaneti, na jioni mfumo ulipoanza kujipanga wenyewe, wakaenda maandalio. Saa tatu kasorobo usiku umeme ulikatika shule nzima. Asubuhi walipomwasha mgeni, kioo kilijaa maandishi meupe yaliyosema kwamba kiini cha mfumo kimeingiwa na hofu kwa sababu hakikuweza kuifungua diski yake. Ndivyo mafundi walivyoandika, hofu. Kumbe si watahiniwa peke yao.

Kila mtu alisema kosa ni la umeme. Wengi wakashauri turudishe picha. Picha ni hali ya mashine yote jinsi ilivyokuwa siku fulani, iliyohifadhiwa ili mtu aweze kuirudia. Lakini ya mwisho ilipigwa Januari, siku ya kufungua shule. Kuirudisha ni kazi ya dakika mbili tu, na vitabu vyote vilivyoazimwa tangu Januari vingetoweka katika orodha. Mwalimu wa maktaba alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza, "Na vitabu vyangu je?" Hakuna aliyemjibu.

Mwalimu wetu wa Kompyuta akaamuru jambo moja kabla ya yote: folda nzima ya mgeni inakiliwe katika diski ya nje, hivyo hivyo na ugonjwa wake. Kazi hiyo ilikula karibu saa nzima, na wengine walinung'unika. Kwa maoni yangu hakuna saa iliyotumika vema kuliko hiyo siku ile, kwa sababu baada yake tuliweza kujaribu lolote bila mikono kutetemeka.

Tukamwasha mgeni huku tumeshikilia kitufe cha Shift, ikaja orodha ya viini. Ubuntu haifuti kiini cha zamani upesi. Chetu cha 5.4 kilikuwa bado kipo kando ya kipya cha 5.15. Tukachagua cha zamani katika hali ya uokoaji, nacho kikaamka. Tulishangilia kana kwamba ni goli. Nikaandika df -h, amri ya kupima nafasi, maana mifumo mingi hukwama ikipandishwa kwa sababu ya diski kujaa. Jibu likaja: diski ni GB 40, na GB 21 ziko wazi. "Basi ni umeme," wakasema wote.

Lakini lilikuwapo jambo lililonisumbua. Mna daftari katika mfumo, /var/log/dpkg.log, ambamo kila tendo la kupanga vifurushi huandikwa pamoja na saa yake. Mstari wa mwisho ulisema 20:19, ambayo kwa hesabu yetu ni saa mbili na dakika kumi na tisa usiku. Umeme ulikatika saa tatu kasorobo. Mashine iliyokuwa ikiandika mistari chungu nzima kila dakika ilikaa kimya dakika 26, na taa zikiwaka. Kwa nini?

Mmoja wa wale wa Kidato cha Tatu ndiye aliyesema, "Kaka, tumemwuliza mgeni tu. Mwenyeji hatujamwuliza."

Tukafungua diski ya mwenyeji. Ilikuwa imejaa pomoni. Hapo ndipo mambo yote yalipoeleweka. Diski ya mgeni si diski. Ni faili tu lililo katika diski ya mwenyeji, nalo hukua kadiri linavyojazwa. Mgeni aliahidiwa GB 40 naye akasadiki, lakini mwenyeji hakuwa nazo. VirtualBox inapokosa nafasi humsimamisha mgeni papo hapo, na daftari la VirtualBox lilieleza waziwazi kwamba diski ya mwenyeji imejaa na mashine imesimamishwa. Kama mtu angefuta vitu kidogo kabla ya giza, kazi ingeendelea ilipoishia. Umeme ulimkuta mgeni ameinua mguu mmoja.

Kilichoijaza diski ni filamu, ndani ya folda iliyoandikwa "Masomo ya Ziada". Majina ya wenye filamu siyataji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku ilitupasa tumponye mwenyeji kwanza, na filamu zikafutwa.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya subira. Tukarudi katika hali ya uokoaji, tukaikagua diski ya mgeni kwa fsck, kisha tukaandika dpkg --configure -a, amri inayomaliza vifurushi vilivyoachwa nusu. Viwili vilikataa, maana mafaili yake yalibaki matupu umeme ulipokwenda, tukaviweka upya. Bahati nzuri vyote vilikwisha shushwa Jumamosi, kwa hiyo hatukununua bando jingine. Baada ya apt --fix-broken install na apt full-upgrade, tukatumia update-initramfs kuunda faili la kuanzishia kiini kipya. Kukosekana kwa faili hilo ndiko kulikoleta ile hofu. Mwisho update-grub, na kuwasha upya.

Ilikuwa yapata saa kumi na mbili jioni. Mgeni aliamka na kiini cha 5.15, toleo 22.04. Mwalimu wa maktaba hakujali matoleo. Alitaka aonyeshwe nani aliazima kitabu mara ya mwisho siku ya Ijumaa. Jina lilikuwapo, na kitabu, na tarehe.

Picha mpya ilipigwa jioni ile ile. Safari ya kwenda 24.04 imeachiwa Kidato cha Tatu, maana sisi tutakuwa tumekwisha kuondoka. Diski ya nje imo kabatini, ufunguo anao Mwalimu, na ukutani juu ya mwenyeji pamebandikwa karatasi ambapo nafasi iliyobaki huandikwa kila Ijumaa. Ijumaa iliyopita ilikuwa GB 61.