Chumvi ya Miguu ya Mama

Nyumba nyingi mtaani kwetu Kihonda hazina hodhi la kujilaza; tunaoga kwa ndoo. Hivyo chumvi ya kuogea ninayoitengeneza huishia kwenye beseni, miguuni pa mama. Yeye ni mama lishe katika stendi ya Msamvu, na husimama tangu alfajiri.

Huchukua kikombe cha chumvi ya mawe, iwe ya baharini kutoka Bagamoyo au ya Uvinza, itokayo kwenye chemchemi za maji ya chumvi huko Kigoma. Huongeza majani makavu ya mchaichai na matone matatu ya mafuta ya karafuu, zao linalolimwa hata katika milima yetu ya Uluguru. Matone hayazidi. Mafuta hayayeyuki katika maji. Yangebaki makali na kuunguza ngozi, ndiyo maana huyazimua kwanza kwa kijiko cha mafuta ya nazi. Je, chumvi huondoa uchovu? Kwa maoni yangu, kazi kubwa hufanywa na maji ya vuguvugu na zile dakika 15 za kukaa kitako.

Shangazi naye aliitaka. Ana kisukari na nyayo zake zina ganzi. Hawezi kuhisi maji yakiwa ya moto mno, na lengelenge dogo kwake laweza kuwa kidonda kisichopona. Nilimkatalia. Alinuna wiki nzima, akidai ninambania. Sasa humkanda mabega kwa mafuta ya nazi matupu, naye amenyamaza.