Kikundi cha Chokaa

Mume wangu alifia baharini. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, watoto wakilishwa na shemeji. Nilipotoka nikasikia vibarua wanatakiwa kwenye ukarabati wa magofu, Kilwa Kisiwani. Niliufuata unga, historia sikuwa na haja nayo.

Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kubeba makarai. Msimamizi wa kwanza hakumjua mtu kwa jina. Ukiumwa, kabla ya adhuhuri karai lako lina mtu mwingine. Wageni walisimuliwa habari za Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331 na kuusifu mji. Mimi nikihesabu ndoo.

Kisha nikapangwa na fundi mmoja mzee wa palepale kisiwani. Huyu aliniita mama wa fulani, kwa jina la kifunguamimba wangu, na aliniambia kwa nini saruji hairuhusiwi: ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe, hufungia unyevu na chumvi ndani, jiwe likaoza huku nje linang'aa. Ndiyo maana tulichoma chokaa wenyewe. Magogo hupangwa, matumbawe juu yake, moto ukawashwa. Baadaye maji, halafu kungoja. Akichanganya na mchanga, hunipa nishike kwa vidole. "Imekubali?" Nikisema bado, anarudia kuchanganya. Mwanamume wa umri ule, mbele ya vijana!

Binti yangu aliposhikwa na malaria, wenzangu walichanga nauli ya mashua hadi Masoko na ya gari hadi hospitali ya Kivinje. Nilirudi nikakuta zamu zangu wamezigawana, na malipo yangu yapo kamili.

Mwaka 2014 UNESCO iliyaondoa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi ulio hatarini, yalimowekwa mwaka 2004. Nilifurahi, sikatai. Ila kilichoniamsha alfajiri siku zote ni kujua kwamba nisipoonekana, kuna watakaouliza.

Fedha za mradi zilipokwisha, kila mtu alishika lake. Mimi nauza maandazi Masoko. Kikundi tumekigeuza upatu, na fundi alipofariki nafasi yake tulimpa binti yake. Zamu ijayo ni yake, anataka mabati.