Simiyu: Ngoma Isiyo na Refa

Kama wewe ni Simba na mwenzi wako ni Yanga, nendeni Sola, mkoani Simiyu. Usukumani utani wa jadi haukuanzia kwenye soka. Tangu karne ya 19 vyama vya ngoma vimegawanyika pande mbili: Bagika na Bagalu. Simulizi zinasema waanzilishi ni waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana dawa ya nani kali zaidi.

Mavuno yakiisha, kuanzia Juni hivi, vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, jirani kabisa. Hakuna refa. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ndiyo maana wengine wanacheza na nyoka, na wengine wanarusha majembe kwa mdundo wa bugobogobo. Ukihama upande mmoja kwenda wa pili, tayari umepiga kura kwa miguu. Kikundi kilichojifua miezi kadhaa kinaweza kubaki peke yake na ngoma zake, watu wote wakiangalia.

Ratiba ikiwabana, subirini Bulabo ya kila Juni pale Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza. Ila msivutane mikono. Kila mtu asimame anakopenda, mtataniana njiani mkirudi.