Kalamu Nyekundu na Elektroni Mbili

Mimi ni mwalimu wa lugha. Tangu nilipopata stashahada ya ualimu nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari za hapa Uganda, na kemia niliiacha zamani pamoja na kaptula zangu za shule. Sikudhani kwamba ingenifuata hata katika daftari za insha.

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu zoezi la tafsiri: kila mmoja achague somo alilofundishwa kwa Kiingereza juma lile, alieleze kwa Kiswahili. Msichana mmoja, mpole na asiyependa kusema darasani, aliandika juu ya msumari wa chuma uliotiwa katika maji ya mrututu. Alieleza vema jinsi rangi ya buluu inavyofifia na msumari unavyovaa ngozi nyekundu ya shaba. Kisha akaandika: "Chuma kimetoa elektroni mbili, shaba iliyomo majini imezipokea, kwa hiyo imepunguzwa."

Nikalikata neno lile la mwisho kwa kalamu nyekundu. Pembeni nikaandika: "Apokeaye huongezewa, hapunguzwi. Fikiri kabla ya kuandika." Nikamnyima alama na, sina budi kukiri, nikaisoma sentensi ile mbele ya darasa. Wenzake wakacheka. Tangu siku hiyo hakuinua mkono tena.

Majuma mawili baadaye mwalimu mwenzangu wa kemia aliliona daftari lile mezani pangu. Akasoma, akatikisa kichwa. "Bwana Mwalimu, mtoto huyu amepata. Aliyekosa ni wewe."

Akanifafanulia. Elektroni ina chaji hasi. Ayoni ya shaba iliyomo katika mrututu ina chaji chanya mbili. Ikipokea hasi mbili, ile mbili hushuka hadi sifuri, nayo huwa shaba tupu. Kinachopunguzwa ni chaji hiyo. Tena neno la Kiingereza alilolitafsiri mtoto lina asili ya Kilatini, yaani kurudisha: mawe ya madini yalirudishwa kuwa metali.

Kuuliza si ujinga, nami nikauliza: "Kutoa na kupokea nimekwisha kufahamu. Lakini elektroni hupitaje?"

Alisema kwamba kwa msumari si shida kuelewa, kwani ayoni za shaba huufikia uso wa chuma chenyewe. Ugumu huja pale mtoaji na mpokeaji wote wawili wanapoelea majini, kila mmoja amezungukwa na wenzake. Hapo akanitajia Henry Taube, mzaliwa wa Kanada, aliyefanya majaribio huko Chicago, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1953. Taube alichukua kobalti iliyoshikamana na kloridi, akaikutanisha na kromiamu iliyo tayari kutoa elektroni. Elektroni ilipokwisha kupita, kloridi ilionekana imeshikamana na kromiamu. Kobalti ile haiachilii kloridi upesi, na kromiamu ikishatoa elektroni haichukui upesi kloridi iliyomo majini. Basi hapana budi kloridi ile ilikuwa imeshikwa na wote wawili kwa pamoja wakati elektroni inapita. Ndiyo iliyokuwa daraja. Taube alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983.

Iko na njia ya pili, isiyo na daraja. Kila mmoja hubaki na wenzake, na elektroni huruka. Lakini elektroni ni nyepesi na ya haraka mno, na atomi ni nzito, haziwezi kuifuata. Kwa hiyo atomi na molekuli za maji zilizo kando hujipanga kwanza, hata nishati ya elektroni iwe sawa pande zote mbili, ndipo huvuka. Rudolph Marcus, naye mzaliwa wa Kanada, alianza kuyaeleza haya mwaka 1956, akatuzwa Nobel mwaka 1992.

Usiku ule sikulala vema. Kesho yake nilisimama mbele ya darasa lile lile, nikaisoma tena sentensi ile, nikasema kwamba ilikuwa sahihi na kwamba kosa ni langu. Nikamrudishia alama zake na kumwomba radhi. Darasa lilinyamaza kimya. Kisha, baada ya majuma yale yote, akainua mkono.

"Mwalimu, je, tukisema chuma na shaba vimepokezana elektroni? Maana hakuna anayetoa pasipo wa kupokea."

Nikaliandika neno hilo ubaoni. Katika miaka yangu yote ya kufundisha vitenzi vya kutendana, sikuwahi kuwaza mfano kama huo.

Ndugu walimu, kalamu nyekundu ningali nayo. Lakini mwanafunzi akiandika jambo la elimu nisiyoijua, siku hizi humwita kwanza, nikamwuliza alikusudia nini.