Akili Nayo Ipumzike

Ndugu msomaji, mfanyakazi arudipo nyumbani jioni, mwili hupata nafuu mara tu anapoketi. Akili haina desturi hiyo. Huendelea kuhesabu kodi ya nyumba, karo na maneno ya msimamizi hata usiku wa manane. Kwa sababu hiyo, leo tuzungumzie burudani ambazo wengi wetu huwaachia watoto na wazee.

Chukua chemshabongo ya nukta, ile ambayo mtu huunganisha namba kwa kalamu mpaka picha itokee. Watoto hupewa nukta 20 au 30, lakini vipo vitabu vya watu wazima ambamo picha moja ina nukta 1,000. Nimezijaribu. Anayeitafuta namba 417 hana nafasi ya kuwaza deni. Polepole uso wa simba hujitokeza palipokuwa na vumbi la nukta, na mabega ya mchoraji huwa yameshuka.

Asiye na kitabu anaweza kutafuta bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hizo za mkononi huzinamua moja moja; zikiisha, ndipo mtaji huanza. Mchezaji hodari huona mahali mkono wake utakapolala kabla hajagusa kete ya kwanza. Kama ilivyo katika nukta, picha imo, ila sharti uifuate hatua kwa hatua.

Mwalimu Nyerere aliupenda sana mchezo huu. Alipong'atuka urais mwaka 1985 na kurudi kijijini kwake Butiama, alicheza bao na wenzake wa pale. Mtu aliyeongoza nchi kwa zaidi ya miaka 20 hakuona kuwa amepungukiwa heshima kwa kuinamia mashimo.

Baba yangu mdogo alipopunguzwa kazi mjini Musoma, alihamia Bunda akiwa amekosa usingizi. Alishinda ndani, mkali kwa kila mtu, na mama mdogo akaanza kuhofu pombe. Siku moja jirani alimwita mwembeni: "Shemeji, njoo unipokee, nimefungwa mara tatu!" Alikwenda kwa kumstahi jirani tu. Kazi haikurudi, wala shida za fedha hazikwisha. Lakini alianza kulala, na jioni akawa na jambo la kuwasimulia watoto badala ya kuwafokea.

Sisemi kwamba mchezo ni dawa ya kila kitu. Ukila saa za kazi, umekuwa uvivu. Ukiwekewa dau, umekuwa kamari, na kamari haimpumzishi mtu. Wala usiwe mchezo wa akina baba peke yao. Mama naye ametoka kazini, kisha akapika na kufua; akili yake inazunguka kuliko ya mumewe. Baba anayekwenda mwembeni kila jioni na kumwachia mkewe vyombo amejipumzisha kwa jasho la mwenziwe.

Basi Jumapili hii, ndugu msomaji, osha vyombo mapema, kisha mkaribishe mama watoto mbele ya bao. Akikufunga, usinune. Panga kete upya.